Urani ya Namtumbo au joto la Ngozi?



Tangu Julai 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani katika mradi wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo mkoani Ruvuma, swali moja limekuwa likirudi katika mabaraza yetu baada ya swala ya Isha. Ikiwa urani ni yetu, kwa nini nchi isijenge kinu cha nyuklia na kuuaga mgao wa umeme moja kwa moja? Vijana waliosoma fizikia huuliza kwa matumaini. Wazee wanaoikumbuka Chernobyl ya 1986 na Fukushima ya 2011 huuliza kwa hofu. Na wapo wanaosema kuwa nyuklia haituhusu, kwa kuwa Mwenyezi Mungu ametujaalia jua, mito, upepo na moto ulio chini ya milima yetu wenyewe.

Mwandishi wa safu hii ni katibu wa kamati ya msikiti, si mhandisi. Lakini katibu ndiye anayenunua umeme wa LUKU wa msikiti, na ndiye anayeulizwa pampu inaposimama na watu wamejipanga kutia udhu. Suala hili limekwisha kufika mlangoni petu, na inafaa tulizungumze kwa elimu badala ya kulizungumza kwa ushabiki.

Tuanze na nyuklia, tena kwa uadilifu, maana wanaoipinga aghalabu hawaitendei haki. Kinu chenye uwezo wa megawati 1,000 hutumia takriban tani 25 hadi 30 za fueli kwa mwaka mzima, ilhali mtambo wa makaa ya mawe wa ukubwa huo huo huteketeza mamilioni ya tani. Hakitoi moshi. Hakingoji mvua wala hakijui kuchwa kwa jua. Wataalamu waliohesabu vifo vinavyotokana na kila kipimo cha umeme, ajali zote zikiwamo, wamekuta kuwa nyuklia iko karibu na upepo na jua, na kwamba makaa ya mawe ndiyo yanayoua watu wengi zaidi kwa mbali, tena kimya kimya, kupitia mapafu. Ufaransa hupata zaidi ya nusu ya umeme wake kutoka katika vinu. Umoja wa Falme za Kiarabu, nchi yenye mafuta na jua kuliko sisi, imejenga vinu vinne huko Barakah. Cha kwanza kiliingizwa kwenye gridi 2020 na cha nne kikaanza kazi rasmi 2024, na kwa pamoja vinatoa takriban robo ya umeme wa nchi ile. Kwa hiyo anayesema kuwa nyuklia ni wazimu mtupu hana budi kueleza kwa nini watu wenye akili zao timamu wameichagua.

Baada ya kukiri hayo, turudi Namtumbo. Watu wengi hudhani kuwa kumiliki urani ni sawa na kumiliki kuni: unaokota, unawasha. Sivyo hata kidogo. Mradi wa Mto Mkuju uko mikononi mwa kampuni ya Mantra Tanzania, iliyo chini ya Uranium One, na Uranium One ni mali ya shirika la Urusi la Rosatom. Kitakachotoka pale ni unga unaoitwa keki ya manjano. Katika urani ya asili, sehemu inayofaa kupasuliwa kinuni, yaani urani 235, ni takriban asilimia 0.7 tu, vinu vingi duniani huhitaji ipandishwe hadi asilimia 3 hadi 5. Kazi hiyo ya kurutubisha hufanywa na nchi chache, kwa mitambo inayolindwa kama siri ya vita. Maana yake ni kwamba urani ya Namtumbo ingesafirishwa ng'ambo ikiwa unga na kurudi ikiwa fueli ya kununuliwa, kama pamba yetu inavyorudi ikiwa shati. Na tusisahau kwamba ili mgodi huo upate nafasi, mwaka 2012 UNESCO ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous, lililo katika Urithi wa Dunia, usogezwe. Gharama imekwisha kuanza kulipwa kabla taa moja haijawaka.

Lipo jambo la pili, ambalo sijalisikia likisemwa barazani hata mara moja, nalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Gridi ni kama mzani. Umeme unaozalishwa na unaotumika lazima ulingane kila sekunde. Mtambo mmoja ukizima ghafla, iliyobaki hubebeshwa mzigo wake, na ikishindwa nchi nzima huingia gizani. Kwa sababu hiyo wahandisi hushauri mtambo mmoja usizidi takriban sehemu moja ya kumi ya gridi. Mahitaji ya juu kabisa ya Tanzania hivi sasa ni takriban megawati 2,000. Kinu cha kawaida cha megawati 1,000 kingekuwa nusu ya mzigo wote! Siku kinapozimwa ili kibadilishiwe fueli, au kinapojizima chenyewe kwa usalama, tungefanya nini? Hata Bwawa la Julius Nyerere, ambalo ni megawati 2,115, limegawanywa katika mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, na mmoja ukipata hitilafu, minane inabaki.

Wapo wanaojibu kuwa siku hizi kuna vinu vidogo. Ni kweli. Urusi ina kinu kinachoelea majini, Akademik Lomonosov, chenye mitambo miwili ya megawati 35, na tangu 2020 kinauhudumia mji wa Pevek kaskazini kabisa. China nayo imeanzisha chake. Lakini ni vichache mno duniani, na bei yake bado haijatulia. Nchi isiyo na mazoea ya kazi hii haina haraka ya kuwa miongoni mwa wa kwanza kujaribu.

Kisha kuna deni. Misri inajenga vinu vinne huko El Dabaa, kando ya Bahari ya Mediterania, kwa mkopo wa dola bilioni 25 kutoka Urusi, wenye riba ya asilimia 3 kwa mwaka, unaobeba asilimia 85 ya gharama. Msomaji wa ukurasa huu hahitaji kufafanuliwa neno riba. Lakini hata asiyelijali upande wa dini na alitazame upande wa hesabu: mkopo wa namna hiyo hulipwa na watoto, na kwa miaka yote hiyo fueli, vipuri na wataalamu hutoka kwa yule yule aliyekukopesha. Bwawa la Nyerere, pamoja na lawama zake zote, liligharimu takriban shilingi trilioni 6.5 ambazo serikali ilisema ni fedha zetu wenyewe. Walijenga Wamisri, wakalipwa, wakaondoka. Maji ya Rufiji hayauzwi Cairo.

Hapa huwa anatokea ndugu mwenye elimu ya fiqhi akikumbusha kanuni kwamba kuzuia madhara kunatangulia kuleta manufaa, na akahitimisha kuwa nyuklia ni haramu kwa ajili ya mionzi na mabaki yake. Kanuni ni sahihi, ila matumizi yake hapa ni ya haraka mno. Madhara hupimwa, hayaogopwi tu. Giza nalo ni madhara kwa mama anayejifungua katika zahanati isiyo na taa. Moshi wa kuni ni madhara. Mabaki ya vinu ni hatari kwa maelfu ya miaka, hilo halina shaka, na Wafini wamechimba mahandaki zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba, mahali panapoitwa Onkalo, ili kuyazika. Swali la haki kwetu ni kama tuna mwamba tulivu, taasisi imara na uvumilivu wa kulinda kaburi la namna hiyo kwa vizazi tusivyoviona. Tunayo Tume ya Nguvu za Atomiki, inayofanya kazi kwa sheria ya 2003. Hata hivyo, kusimamia mashine za eksirei na kupima mionzi katika vyakula ni jambo moja, na kusimamia kinu ni jambo jingine kabisa. Nasi watu wa nyanda hizi tunakaa juu ya Bonde la Ufa. Ardhi yetu hutikisika, na Mlima Rungwe ni volkano.

Wakenya wametutangulia katika mabishano haya. Serikali yao ilichagua Uyombo, kaunti ya Kilifi, pawe mahali pa kinu chao cha kwanza. Wavuvi na wakazi wa pale wakakataa, wakaandamana 2024, polisi wakatumia nguvu, na baadaye macho ya serikali yakageukia Siaya, upande wa Ziwa Viktoria. Kinachosikitisha ni kwamba nchi hiyo hiyo ina mfano bora ambao dunia nzima huja kujifunza, nao nitaueleza punde.

Kabla ya hapo, tusijidanganye kwamba nishati jadidifu haina dhambi. Sisi watu wa Mbeya ndio tunaopaswa kulijua hilo kuliko Watanzania wengine. Mito inayoshuka kutoka Poroto na Kipengere, yaani Kimani, Chimala, Mbarali na mingineyo, hukutana katika bonde la Usangu, hupita ardhioevu ya Ihefu na kutoka ikiwa Ruaha Mkuu. Mto huo hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hujaza bwawa la Mtera lenye mitambo ya megawati 80, kisha huzungusha mitambo ya Kidatu ya megawati 204. Kwa miaka mingi Dar es Salaam iliwashwa na maji yaliyotokea kwetu. Tangu mapema miaka ya 1990, Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi. Viboko hujazana katika vidimbwi vya matope. Ukame ulipokuja, taa zilizimika: 2006, 2011, na tena 2022. Ule wa 2006 ulizaa mkataba wa mitambo ya dharura wa Richmond, na kashfa yake ilimfikisha Waziri Mkuu Edward Lowassa katika kujiuzulu Februari 2008.

Nani alilaumiwa kwa kukauka kwa mto? Wafugaji. Waliondolewa Ihefu na mifugo yao mwaka 2006 na 2007, kisha Tangazo la Serikali Namba 28 la 2008 likaipanua hifadhi hadi Usangu, na migogoro ya mipaka Mbarali ikaendelea kwa miaka. Sisemi kuwa ng'ombe hawaharibu ardhioevu. Lakini mifereji ya mashamba makubwa ya mpunga nayo hunywa maji, na mchele wa Mbarali tunaula sote, kwenye futari na kwenye harusi. Na Kihansi, mpakani mwa Iringa na Morogoro, tulipolipindisha poromoko ili kuzalisha megawati 180, tulikausha manyunyu yaliyokuwa makazi pekee duniani ya chura mmoja mdogo. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Waliobaki walikuwa wamelelewa Marekani, na 2012 wakaanza kurejeshwa. Watu walicheka sana kusikia vyura wanapanda ndege. Mimi sikuona kichekesho katika umma mzima wa viumbe kukaribia kufutika kwa ajili yetu.

Sasa joto la Ngozi. Wengi wetu tumepanda kwenda kulitazama lile ziwa la kreta juu ya milima ya Poroto, tukarudi na picha. Chini yake kuna maji yanayokisiwa kuwa na joto linalozidi nyuzi 200 za Selisiasi. Kampuni ya Uendelezaji wa Jotoardhi Tanzania, tawi la TANESCO, imekuwa ikilichunguza eneo hilo pamoja na Kiejo-Mbaka kule Busokelo na Songwe, penye chemchemi za moto. Kazi yake si ngumu kuielewa: unachoronga kisima kirefu, mvuke unapanda, unazungusha mtambo, kisha maji yaliyopoa yanarudishwa chini ili chanzo kisikauke. Haungoji mvua, haungoji jua, na hufanya kazi usiku na mchana. Sifa kubwa ya nyuklia, yaani kutokatika, jotoardhi inayo pia, bila mionzi ya kuzika. Na mitambo yake ni midogo, inayolingana na gridi yetu.

Huo ndio mfano wa Wakenya niliouahidi. Olkaria, karibu na Naivasha, walianza kuchoronga miaka ya 1950 na umeme wa kwanza ukapatikana 1981. Leo Kenya ina zaidi ya megawati 900 za jotoardhi, na karibu nusu ya umeme wake hutoka huko. Tazameni miaka hiyo vizuri: zaidi ya ishirini ilipita kati ya kisima cha kwanza na taa ya kwanza. Kisima kimoja hugharimu mamilioni ya dola na kinaweza kutoka kikavu, na hiyo ndiyo sababu Ngozi imezungumzwa muda mrefu kuliko ilivyochorongwa. Mpango wa awali uliotangazwa ni megawati 30 na baadaye 70, si nyingi ukilinganisha na Rufiji. Lakini ni megawati zilizo karibu na watumiaji. Nchi yetu haina upungufu wa mitambo tu. Ina upungufu wa njia. Mwaka 2025, huku Bwawa la Nyerere likikamilika, serikali ilieleza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa sababu umeme mwingi hupotea ukisafirishwa kutoka kusini na mashariki hadi huko. Wengi walikasirika. Hesabu yenyewe haikuwa mbaya. Njia ya kilovolti 400 inayotoka Iringa kupitia Mbeya hadi Tunduma na Sumbawanga, itakayotuunganisha na Zambia, itatusaidia sana sisi. Ila umeme unaozalishwa Rungwe na kutumika Rungwe haupotei njiani.

Olkaria pia ina kovu lake. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha upanuzi, na malalamiko yao yakafika Benki ya Dunia.

Ama jua, nitasema machache. Mradi wa Kishapu, Shinyanga, umepangwa kufikia megawati 150, nao ni mwanzo mzuri. Mufindi, mradi wa Mwenga ulianza na megawati 4 za maji mwaka 2012 na baadaye ukaongeza mitambo ya upepo, na vijiji vya jirani vikapata taa. Lawama ya kila siku ni kwamba jua huchwa, na mahitaji ya nchi hupanda kileleni baada ya Magharibi, watu wakiwa majumbani. Ni kweli, lakini nchi yenye mabwawa ina jibu. Umeme wa jua ukitumika mchana, maji ya Mtera na Rufiji hubaki bwawani yakingoja usiku. Bwawa linakuwa betri. Katika kamati yetu tumebishana juu ya hili kwa kipimo kidogo: mweka hazina wetu, mzee mwenye heshima zake, anataka jenereta kwa kuwa anaijua, vijana wanataka paneli za kuvuta maji mchana hadi kwenye tangi, ili usiku pampu isihitajike kabisa. Tangi ndilo betri yetu. Sijui kura itaangukia wapi, lakini yangu nimeitoa kwa vijana.

Ningependa kina mama wanaosoma ukurasa huu wanisikilize hapa, na kina baba zaidi. Mabishano ya nyuklia na jua ni mabishano juu ya umeme, na umeme ni sehemu ndogo ya nishati inayotumika katika nyumba zetu. Sehemu kubwa ni kuni na mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Mkaa unaopikia Mbeya hukatwa katika misitu, na misitu ya milimani ndiyo inayoilea mito ya Usangu. Kwa hiyo jiko la nyumbani linahusika moja kwa moja na mtambo wa Kidatu. Familia inayohamia gesi, au jiko la umeme la presha linalochemsha maharage kwa kiasi kidogo cha umeme, imeongeza maji Mtera, ingawa hakuna atakayeiandika kwenye takwimu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, aliwataja Waislamu kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Nimezitazama habari za Usangu, Kidatu na Ngozi, nikaona zote tatu zimo humo.

Rai yangu, basi, ni kwamba Tanzania isijenge kinu cha nyuklia katika miaka hii, bali isomeshe. Wapelekwe vijana wetu, wa kiume na wa kike, wakasome fizikia na uhandisi wa nyuklia, ili siku gridi itakapokuwa kubwa na vinu vidogo vitakapokuwa vimejaribiwa, tukae mezani tukiwa na watu wetu wenye kujua. Fedha za sasa ziende kwenye visima vya Ngozi, njia za umeme, paneli za jua na ulinzi wa vyanzo vya Ruaha Mkuu. Najua wapo ndugu watakaoona huu ni woga. Karibuni muandike, ukurasa ni wenu.

Na kwa walio Rungwe na Busokelo, ambao magari ya uchorongaji yatapita mbele ya nyumba zao: tathmini ya athari kwa mazingira inapofanyika, wananchi wana haki ya kusikilizwa. Msiende mkutanoni kupokea soda na kurudi. Ulizeni ardhi itafidiwa kwa bei ipi na lini. Ulizeni ni vijana wangapi wa kijiji watafundishwa kazi ya kisima, si ya ulinzi wa geti peke yake. Na ulizeni, tena majibu yaandikwe kwenye muhtasari, kama maji ya moto yenye chumvi na madini yatakayotoka chini yatarudishwa yote ardhini, au yataachiwa yaelekee kwenye mito mnayochota.